Breki za Bajaji na Mkataba Unaozinunua

Mjadala kuhusu vipuri vya breki za bajaji katika miji ya Afrika Mashariki huendeshwa kana kwamba bei yake hupangwa na muuza spea wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, na kana kwamba dereva anayenunua viatu vya breki visivyojulikana vimetoka wapi ni mtu asiyejali maisha yake wala ya abiria aliowabeba. Makala haya yanashikilia kuwa kipuri kinachowekwa ndani ya gurudumu huchaguliwa mapema zaidi, siku ile mwenye chombo na dereva wanapokubaliana hesabu, yaani kiasi cha fedha ambacho dereva humpelekea tajiri kila jioni hata kama siku ilikuwa mbaya, na wanapokubaliana pia, mara nyingi kwa mdomo tu, nani atalipia nini chombo kikiharibika. Dereva akifika dukani, uamuzi umekwisha kufanywa, naye huutekeleza kwa fedha zilizobaki mfukoni.

Bajaji ni chombo chenye ukoo mfupi na ulio wazi. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kutengeneza Ape, pikipiki ya magurudumu matatu iliyotokana na skuta ya Vespa, mwaka 1948. Baadaye Bajaj Auto ya India ikapata leseni ya kutengeneza vyombo vya aina hiyo, na jina la kampuni ndilo lililozoeleka Tanzania kuwa jina la chombo chenyewe, hata kinapokuwa TVS King au Piaggio, huku Wakenya wakikiita tuktuk. Wapo pia ndugu zake wa mizigo, wale wenye kichwa cha pikipiki mbele na sanduku la chuma nyuma, ambao Dar es Salaam huitwa guta au toyo, na ambao hubeba saruji, maji, mchanga na makreti ya soda kwa uzito ambao mara nyingi huzidi ule uliokusudiwa na aliyevisanifu vyombo hivyo.

Katika bajaji nyingi za abiria, dereva hukanyaga pedali moja na magurudumu yote matatu hushikwa kwa pamoja. Pedali husukuma masta silinda, ambayo ni silinda kuu yenye pistoni na mipira ya kuzuia uvujaji. Hiyo nayo husukuma mafuta ya breki ndani ya mabomba membamba hadi kwenye silinda ndogo za magurudumu, zinazojulikana gereji kama wili silinda. Na kwa kuwa kimiminika hakibonyei, nguvu ya mguu hufika ikiwa kamili na kuvitanua viatu viwili vya breki, ambavyo vijiweni huitwa breki shuu, mpaka vibanane na ukuta wa ndani wa dramu linalozunguka pamoja na gurudumu. Uso wa kiatu umebandikwa lainingi, yaani utando mgumu uliochanganywa nyuzi, unga wa madini na gundi ya joto, na utando huo ndio unaokula dramu na kuliwa nalo.

Breki haina kazi nyingine isipokuwa kugeuza mwendo kuwa joto, na katika joto ndipo ubora wa kipuri unapojulikana. Bajaji yenye uzito wa kilo 600 pamoja na dereva na abiria wake, ikienda kilomita 40 kwa saa, ina nishati ya jouli 37,000 hivi, na karibu yote hupaswa kumezwa na madramu matatu madogo kila inaposimamishwa. Nishati hiyo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo bajaji ileile ikienda kilomita 20 kwa saa huwa na robo tu ya kiasi hicho, na dereva anayepunguza mwendo mapema huongeza maisha ya breki zake kuliko kipuri chochote atakachonunua. Mteremko, hata hivyo, una hesabu zake. Chombo hichohicho kikishuka kimo cha mita 100 huachia jouli 588,000, ambazo ni sawa na kukisimamisha mara 16 mfululizo bila breki kupata nafasi ya kupoa, na dereva akiweka gia huru ili kuokoa petroli, injini haisaidii chochote na mzigo wote huangukia kwenye viatu. Anayeshuka kutoka Iringa mjini kuelekea Ipogolo, au anayeteremka na abiria wa asubuhi katika vilima vya Mbeya, ambako bajaji ndiyo usafiri mkuu wa watu wengi, hutumia breki zake kwa namna ambayo dereva wa Dodoma au wa Mtwara haijui, na lainingi ambayo ingedumu bila matatizo katika tambarare hupoteza mshiko huko kabla ya kufika bondeni. Kupoteza mshiko huko kwa sababu ya joto, wakati lainingi bado ni nene na mafuta yapo, ndiko kunakowapata madereva wengi bila kutarajia, kwa sababu kituoni pedali ilikuwa imara.

Tatizo la kwanza sokoni ni kwamba wauzaji na wanunuzi huzoea kugawa vipuri katika mafungu mawili, orijino na feki, ilhali yapo matatu. Fungu la kwanza ni kipuri kilichowekwa kwenye pakiti ya kampuni iliyotengeneza chombo. La pili ni kipuri kilichotengenezwa na kiwanda kingine kwa jina lake chenyewe, bila kujificha. La tatu ni kipuri kilichovaa jina la mwingine kwa udanganyifu. Fungu la pili ndilo linalosahauliwa, na ndimo nafuu ya kweli inamopatikana, kwa sababu kampuni za kuunda vyombo kwa kawaida hazitengenezi lainingi zenyewe. Huzinunua kwa viwanda vilivyobobea katika vifaa vya msuguano, na baadhi ya viwanda hivyo, kama Rane na Sundaram Brake Linings vya Chennai nchini India, huuza pia bidhaa zao katika soko la vipuri kwa majina yao wenyewe. Mnunuzi anayeamini kuwa kila kisichokuwa na nembo ya kampuni ya chombo ni feki hujifungia mlango wa bei nzuri, kisha, akishindwa na bei ya orijino, huruka fungu la kati na kutumbukia moja kwa moja kwenye la tatu.

Kinachohitajika ni njia ya kutofautisha bidhaa nzuri isiyo na jina kubwa na bidhaa mbovu yenye jina la kuazima, na njia hiyo ipo kwa kiasi fulani. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kiliweka utaratibu wa kuandika ubavuni mwa lainingi herufi mbili zinazoonyesha kiwango cha msuguano, ya kwanza ikiwa kwa hali ya kawaida na ya pili kwa hali ya joto kali. Herufi E ina maana ya kipimo cha msuguano kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Lainingi iliyoandikwa FF, kwa hiyo, inadai kushika vizuri ikiwa baridi na kushika hivyohivyo ikiwa moto, ilhali iliyoandikwa FD, herufi ya pili ikiwa chini hata ya E, inakiri yenyewe kwamba itamwacha dereva mteremkoni. Herufi hizo hazisemi lainingi itadumu muda gani, wala hazimzuii mdanganyifu kuziandika, lakini muuzaji anayejua kuzisoma huuza tofauti na asiyejua, na mnunuzi anayeuliza habari zake huanza kuheshimiwa kaunta.

Mambo mengine huonekana kwa macho na kwa vidole. Kiatu kizuri kina unene uleule wa lainingi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kingo zake hazimeng'enyeki zikikwaruzwa kwa ukucha, gundi imeenea sawasawa mpaka pembeni bila kuacha mwanya ambao ncha ya kisu ingeweza kupenya, na chuma chake, kikiwekwa juu ya kioo cha kaunta pamoja na mwenzake, hakichezi wala hakitofautiani na huyo mwenzake kwa upana. Kiatu cha zamani kilichotolewa kwenye gurudumu hupaswa kwenda dukani pamoja na fundi, kwa kuwa viatu vya bajaji za aina na miaka mbalimbali hufanana kwa jicho huku vikitofautiana kwa milimita chache katika mzingo au mahali pa kuegemea, na tabia ya kusaga kiatu cha aina moja kwa tupa ili kiingie katika dramu la aina nyingine humpatia dereva breki inayogusa ncha mbili tu za lainingi badala ya uso wake wote.

Ipo njia nyingine ya kupunguza gharama, nayo ni kubandika lainingi mpya juu ya chuma cha kiatu cha zamani, kazi ambayo mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wameizoea kwa muda mrefu katika magari makubwa, ambako lainingi hufungwa kwa ribiti. Katika viatu vidogo vya bajaji lainingi hushikiliwa kwa gundi pekee, na gundi hiyo huhitaji kubanwa kwa nguvu na kuokwa katika tanuri lenye joto linalodhibitiwa ili ishike. Fundi mwenye vifaa hivyo anatoa huduma halali na ya maana, tena ya bei nafuu kuliko kiatu kipya. Asiye navyo, anayepaka gundi ya kawaida na kuacha kiatu kikauke juani, anauza kitu ambacho siku moja kitabanduka chote kwa pamoja na kujikunja ndani ya dramu, ama gurudumu likakwama, ama breki ikakosekana kabisa upande huo. Katika chombo chenye gurudumu moja mbele, ambacho uthabiti wake hutegemea uzito kubaki ndani ya pembetatu ya magurudumu matatu, gurudumu moja la nyuma kukwama kwenye kona ni hatari ya kupinduka.

Jambo la afya nalo lisipitwe, ingawa vijiweni halizungumzwi. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ya nyuzi yanayostahimili joto, na Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Lainingi yenye asbesto haitofautishwi na isiyo nayo kwa kuitazama, na pakiti isiyo na jina la kiwanda haiwezi kumhakikishia fundi lolote. Kwa hiyo ule upuliziaji wa vumbi la dramu kwa upepo wa kompresa, au kwa mdomo, unaofanywa na vijana wa gereji kutwa nzima, unapaswa kukoma, na vumbi hilo lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, jambo ambalo halina gharama.

Hata hivyo, viatu vya breki mara nyingi hulaumiwa kwa makosa ya vipuri vingine, na hapa ndipo fedha nyingi za madereva hupotea. Dramu likifunguliwa, fundi mwangalifu hatazami kiatu kwanza. Hutazama wili silinda, akainua kwa ncha ya bisibisi ule mpira wa vumbi unaofunika pistoni, na akikuta unyevu chini yake hujua kwamba mafuta ya breki yanavuja na kwamba lainingi iliyo karibu imekwisha kuyanywa. Lainingi iliyonywa mafuta haisafishiki. Petroli na sabuni huondoa yale ya juu tu, na joto la kwanza huyarudisha juu. Dereva atanunua viatu vipya, vitashika vizuri kwa siku kadhaa, kisha vitaanza kuteleza kama vya awali, naye atasema Kariakoo kumejaa feki, wakati mwizi wake ni mpira mdogo ndani ya silinda, ambao ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika mfumo mzima wa breki. Kisha fundi hupitisha kidole kwenye ukuta wa dramu. Akihisi ukingo ulioinuka pembeni, anajua kwamba dramu limelika na kuacha ngazi, na kiatu kipya kilicho bapa kitakaa juu ya mabonde na matuta, kikishika sehemu chache tu na kuisha upesi. Dramu linaweza kuchongwa kwenye mashine ya leizi, mradi kipenyo chake kisizidi kile cha mwisho kilichowekwa na mtengenezaji, ambacho katika madramu mengi hupigwa mhuri kwenye chuma chenyewe. Likizidi hapo huwa jembamba mno, hupata moto haraka na linaweza kupasuka.

Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa, Malindi na Mtwara, adui wa silinda ni kutu, kwa kuwa hewa ya chumvi hukutana na unyevu ulio ndani ya mafuta yenyewe. Mafuta ya breki ya kawaida hufyonza maji kutoka hewani, na kadiri yanavyofyonza ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Yale ya daraja la DOT 3 hupaswa kuchemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakiisha kufyonza maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Ya DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka ndani ya bomba hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminika, hubonyea, kwa hiyo pedali huzama hadi chini bila gurudumu kushikwa. Wapo wanaoongeza maji ya sabuni au oili ya injini kwenye kopo la breki ili safari iishe, na vyote viwili huharibu mfumo kwa njia mbili tofauti: maji huchemka mapema na kuozesha silinda, oili huivimbisha mipira mpaka pistoni zisirudi. Chupa ndogo ya mafuta sahihi, ikibadilishwa yote na kutolewa upepo ipasavyo walau mara moja kwa mwaka, hulinda masta silinda, wili silinda na viatu kwa pamoja, na bado ndiyo hununuliwa mwisho, kwa sababu haionekani kuwa ni kipuri.

Kutokana na hayo, bei iliyo kwenye pakiti ni kipimo kibaya cha unafuu. Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba seti moja ya viatu inagharimu mara mbili ya nyingine lakini inadumu miezi sita, na ile ya bei ya nusu inadumu miezi miwili, mwenye kununua ya pili atakuwa ametoa katika nusu mwaka fedha zaidi kwa nusu nzima, atakuwa amemlipa fundi mara tatu badala ya mara moja, atakuwa amepoteza mara tatu saa za asubuhi ambazo abiria ni wengi, na dramu lake litakuwa limekwaruzwa na viatu vilivyofika kwenye chuma kabla hajashtuka. Hesabu hii si ngumu, na madereva wanaijua vizuri kuliko waandishi wanaowashauri. Swali la kuuliza ni kwa nini mtu anayeijua hesabu hiyo anaendelea kununua seti ya miezi miwili.

Jibu limo katika namna chombo kinavyomilikiwa. Madereva wengi wa bajaji hawana bajaji zao. Baadhi huendesha kwa hesabu ya siku, na wengine kwa kile kinachoitwa mkataba, yaani makubaliano ambayo dereva hulipa kiasi kikubwa zaidi cha kila siku au kila wiki kwa muda uliopangwa, na muda ukiisha chombo kinakuwa chake. Katika hesabu ya siku, kawaida iliyoenea ni kwamba matengenezo makubwa, kama injini, ni ya tajiri, na madogo ni ya dereva, na breki huwekwa katika madogo. Katika mkataba, karibu kila kitu huwa cha dereva tangu siku ya kwanza. Kwa mpangilio wa kwanza, anayenufaika na kiatu cha kudumu miezi sita ni mwenye dramu na silinda, naye ni tajiri. Anayekilipia ni dereva, ambaye hana hakika kama wiki ijayo atakuwa bado anaishika bajaji hiyo, kwa kuwa anaweza kunyang'anywa funguo akipungukiwa hesabu mara chache. Mtu aliye katika hali hiyo akinunua kipuri cha miezi sita atakuwa anamzawadia dereva atakayemfuata. Anayenunua cha miezi miwili amepiga hesabu sahihi kwa upande wake, hata kama kwa upande wa abiria na wa chombo hesabu hiyo ni ya hasara.

Yupo pia deiwaka, kijana anayepewa bajaji kwa saa chache wakati dereva mwenyewe anapumzika, na ambaye humlipa dereva kama vile dereva anavyomlipa tajiri. Huyu hana sauti yoyote kuhusu breki. Hupokea chombo jioni, huhisi pedali ikiwa laini, huambiwa aipige mara mbili ndipo ishike, na huondoka. Pedali inayohitaji kupigwa mara mbili ni dalili ya upepo ndani ya mabomba, ya viatu vilivyokwisha na kuacha mwanya mpana hadi kwenye dramu, au ya masta silinda inayopitisha mafuta ndani kwa ndani, na dalili hiyo hudumu siku nyingi kabla ya ajali. Taarifa za ajali zinapoeleza baadaye kwamba chombo kilifeli breki, huacha msomaji na picha ya jambo la ghafla, ilhali chombo kilikuwa kimekwisha kutoa taarifa kwa muda mrefu kwa watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na jukumu la kuilipia.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote haihitaji sheria mpya wala msaada wa mtu. Breki zitolewe katika orodha ya matengenezo madogo na ziandikwe kuwa gharama ya mwenye chombo, pamoja na mafuta yake na kazi ya fundi, na dereva abaki na wajibu wa kuripoti dalili na kukisimamisha chombo siku ya matengenezo bila kudaiwa hesabu ya siku hiyo. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kwa matajiri, na ndilo lisiloweza kuachwa, kwa sababu dereva anayejua kwamba siku ya gereji atadaiwa hesabu kamili ataahirisha gereji mpaka kiatu kiimbe kwenye chuma. Tajiri akibeba gharama hiyo, atataka mwenyewe kujua kiatu kipi kinadumu, atanunua cha fungu la pili, atasisitiza mpira wa silinda ubadilishwe kabla haujaozesha lainingi, na soko la spea litamsikiliza kwa kuwa yeye hununua kwa ajili ya vyombo kadhaa na hurudi dukani kulalamika.

Kwa madereva wa mkataba, ambao ni matajiri wa kesho wenye mfuko wa leo, njia inayofaa ni ununuzi wa pamoja. Vyama vya madereva wa vijiwe vipo karibu kila kituo, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanzania ya mwaka 2013 inaruhusu vikundi kama hivyo kujiandikisha na kuweka akiba. Chama cha bajaji 50 zenye madramu matatu kila moja kinahitaji viatu 300 kila zinapobadilishwa zote, na mnunuzi wa viatu 300 anaweza kwenda kwa mwagizaji badala ya muuza rejareja, kudai cheti cha kiwanda, na kukataa shehena yote iwapo viatu vya kwanza vitabanduka. Chama hichohicho kinaweza kununua kalipa moja ya kupimia unene wa lainingi na kipenyo cha dramu, na daftari la kuandika tarehe na aina ya kipuri kilichofungwa kwenye kila bajaji. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa limekusanya maarifa kuhusu vipuri vya soko la Tanzania ambayo hayapo katika tangazo lolote la biashara.

Serikali nayo ina nafasi isiyohitaji bajeti kubwa. Halmashauri nchini Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na bajaji ni miongoni mwa vitu ambavyo vikundi hununua kwa fedha hizo. Mkopo unaonunua chombo bila kununua seti moja ya akiba ya viatu, mipira ya silinda na mafuta ya breki humkabidhi kijana deni pamoja na hatari, na kwa dereva mwenye ulemavu wa miguu, ambaye pedali yake hurefushwa kwa nondo ya chuma ili aikandamize kwa mkono, mfumo wa breki uliotengenezwa vibaya humtaka nguvu ambayo mkono hauna. Seti hiyo ya akiba ingeweza kuandikwa ndani ya mkopo wenyewe bila kubadilisha kanuni yoyote ya msingi.

Kwa upande wa udhibiti, kazi imegawanyika kwa namna inayoacha pengo. Tume ya Ushindani husimamia bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo kimsingi hulinda jina na nembo. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, husimamia ubora. Kiatu chenye jina lake halali lakini lainingi dhaifu hakivunji alama ya mtu yeyote, na dereva wa mteremkoni hufa kwa udhaifu wa lainingi, nembo iwe ya kweli au ya kuazima. TBS ingefanya jambo kubwa kama ingekuwa inanunua viatu vya bajaji madukani kama mnunuzi wa kawaida, ikapima msuguano na ulikaji wake, na kuyatangaza matokeo kwa majina ya bidhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka kijiweni. Kipimo cha kimataifa cha msuguano kinachotumiwa kutoa zile herufi mbili huhitaji kipande cha lainingi chenye ukubwa wa inchi moja kwa inchi moja tu. Watafiti wa Nigeria wamekwisha kuchapisha majaribio ya kutengeneza lainingi kwa maganda ya mbegu za michikichi na makapi ya miwa; nchi yenye vyuo vya uhandisi na taasisi za utafiti wa viwanda haiwezi kusema kwamba kupima lainingi iliyoletwa na meli ni kazi iliyo nje ya uwezo wake.

Ukaguzi wa barabarani, kwa jinsi unavyofanyika, hauwezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa askari hutazama taa, matairi, leseni na bima, na hawezi kuona ndani ya dramu lililofungwa. Anachoweza kufanya ni kuketi kwenye kiti cha dereva, kukanyaga pedali mara moja tu na kuishikilia kwa muda wa kuhesabu hadi 30. Pedali ikizama polepole, masta silinda inapitisha. Ikienda chini moja kwa moja, viatu vimekwisha au kuna upepo. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme, abiria yeyote anaweza kumwomba dereva akifanye kabla ya kupanda, na LATRA, mamlaka inayotoa leseni za usafirishaji, inaweza kukifanya kuwa sharti la kila mwaka sambamba na sharti jingine muhimu zaidi: kwamba anayeomba leseni ya bajaji ya biashara aonyeshe mkataba wa maandishi kati yake na dereva, wenye mstari unaotaja kwa jina nani analipia breki, na kwamba mstari huo umhusu pia yeyote atakayekabidhiwa chombo hicho kwa saa chache za jioni.